Mafuta ya Alute

Kama unasoma haya huku unakula, weka kijiko chini kwanza. Maliza, nawa, ndipo urudi. Sitaki lawama za mtu aliyetapika nyumbani kwake halafu akanitaja mimi.

Ulikuwa mwezi wa saba. Alizeti zilishavunwa, mashamba yamebaki mabua matupu, na upepo wa Singida ulikuwa unapuliza vumbi na baridi kwa pamoja. Jua lilikuwa linazama upande wa pili wa mawe, huko vijijini Mtinko, wakati Editha anatembea peke yake na kishikwambi kwapani, miguu imepauka mpaka magotini. Alikuwa amebakiza mtu mmoja tu wa kumhoji. Mtu huyo aliitwa Alute, na alikuwa anauza mafuta ya kula.

Kazi ya Editha ilikuwa kuuliza watu kwa nini wananunua wanachonunua. Alishauliza kuhusu sabuni, mbolea, vocha na unga wa lishe, na kusema kweli alijiona fundi. Ukimpa kapu la mtu aliyetoka sokoni, atakwambia mtu huyo anamwogopa nani na anataka majirani wamwoneje. Safari hii alikuwa ametumwa na kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti mjini Singida. Kiwanda kilikuwa na chupa nzuri, lebo yenye ua la njano, tangazo redioni, na bei ilishashushwa mara mbili. Kwingine kote mzigo ulikuwa unatoka. Katika kijiji hiki kimoja, katoni zilikaa dukani mpaka zikafifia rangi.

"Niletee sababu," Mselemu, msimamizi wake, alikuwa amemwambia. "Mteja ana sababu hata kama mwenyewe haijui. Uliza, andika. Usimwongoze. Na habari za nyumba moja usizipeleke nyumba nyingine."

Kwa siku nne Editha alikuwa amefikia kwa mdogo wake, Joyce, aliyeolewa hapo hapo kijijini. Mume wa Joyce alikuwa Sekenke kwenye machimbo, kwa hiyo nyumbani walikuwa Joyce na mtoto tu. Mtoto aliitwa Peniel. Alikuwa anatimiza miezi sita, mnene, mcheshi, mikono ina vishimo, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumwonjesha uji kwa mara ya kwanza. Editha alishazika mtoto wake mmoja, miaka mitatu iliyopita, na hakupata mwingine. Akimpakata Peniel alikuwa hataki kumrudisha.

Jambo lingine ulijue mapema. Editha alikuwa na vidonda vya tumbo, na daktari alimkataza mafuta. Kwa mdogo wake alikuwa anakula ugali na mlenda wa kuchemsha, chungu chake peke yake. Bila hivyo nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Kaya thelathini na tisa zilikuwa zimempa jibu moja.

"Mnatumia mafuta gani?"

"Ya Alute."

"Kwa nini?"

"Tumezoea tu."

Mwalimu mkuu alisema hivyo. Mwenyekiti wa kijiji alisema hivyo. Hata Joyce, mdogo wake wa tumbo moja, alisema hivyo hivyo. Wote walikuwa wanajibu wakiangalia chini, na wote, sijui kwa nini, walikuwa wanasugua mgongo wa mkono kwa kidole gumba. Winfrida, jirani wa Joyce, mwanamke asiyenyamaza hata ibada ikiendelea, alipoulizwa alianzaje kununua alifunga mdomo. Akawaangalia kuku wake kwa muda. Kisha akasema polepole, "Kila mtu ana siku yake ya kuanza, mama." Editha akabonyeza sehemu iliyoandikwa MAZOEA, akaona kazi imeisha.

Nyumba ya Alute ilikuwa ya mwisho kabisa, baada ya hapo ni mawe na vichaka. Matofali ya kuchoma, bati jipya, uwanja umefagiliwa. Nyuma yake kulikuwa na banda refu.

Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Nzuri ajabu. Ilikuwa harufu ya vitunguu vinavyoanza kubadilika rangi kwenye sufuria ya mama yake, zamani, Ikungi, siku ya sikukuu. Mate yakamjaa. Akameza. Halafu, chini ya harufu hiyo, ikaja nyingine... harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyelala na homa siku tatu, kimefunguliwa karibu na pua yako.

Na sauti.

Nyaka... nyaka... nyaka...

"Ni mashine ya kukamulia," Editha alijiambia.

Alute alitoka akifuta mikono kwa taulo jeupe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, kucha fupi na safi kuliko za muuguzi. Wachawi wa hadithi wana macho mekundu na nguo zilizochakaa. Huyu alinukia sabuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kutwa? Nilijua utanifikia. Karibu ukae."

Alimpa kiti, akamletea maji ya kunywa, akauliza hali ya mama yake Ikungi na hali ya barabara. Editha akafungua kishikwambi. Mzee alikuwa anajibu taratibu, kwa sauti ya chini, na anasubiri mpaka Editha amalize kuandika. Kwa mhoji, mtu wa namna hiyo ni zawadi. Kutwa nzima alikuwa amekutana na watu wa kujibu "sijui".

"Unatangaza wapi bidhaa yako?"

"Sitangazi."

"Mteja mpya unampataje?"

"Simtafuti. Kila nyumba ina siku yake inayoingiwa na shida. Mkwe amekuja na hali chakula. Mume amesusa. Mgonjwa hamezi kitu. Siku hiyo watakuja wenyewe."

"Na wakishaonja?"

"Wanachukia. Wengine wametema mate hapo hapo ulipoweka miguu."

Editha alivuta miguu nyuma bila kutaka.

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

"Kwa nini wanarudi, mzee?"

Alute akatabasamu kidogo. "Si ndilo ulilotumwa kuuliza?"

Wakacheka wote wawili. Hapo ndipo Editha alipolegea. Alikuwa amechoka, jua limekwisha, na mbele yake ameketi mtu mwenye adabu. Kwa hiyo mzee alipomuuliza kwa sauti ile ile ya upole, "Na katika nyumba zote hizo ulizopita, yupo ambaye hajaonja?", Editha hakukumbuka onyo la Mselemu. Alifungua ukurasa ulioandikwa WANAKAYA WASIOTUMIA, akauangalia, akajibu kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Kijiji kizima, mmoja tu. Mtoto wa mdogo wangu Joyce. Miezi sita, bado hajaanza kula."

"Anaanza lini?"

"Kesho."

"Haya," Alute alisema. "Vizuri."

Nyaka... nyaka...

Lilibaki swali la mwisho, ambalo haliulizwi, linatazamwa. Mhoji anatakiwa aone kwa macho mahali mafuta yanapokamuliwa na kuhifadhiwa. Editha aliomba, na mzee akainuka mara moja, bila kusita, akachukua taa.

"Wote walioomba kuona nimewaonyesha," alisema. "Sijawahi kumficha mteja."

Ndani ya banda kulikuwa na magunia ya alizeti mpaka juu. Katikati ilisimama mashine ya kukamulia. Editha aliisogelea. Utando wa buibui ulikuwa umefunika mpini, gurudumu na mdomo wa kutolea mafuta. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake. Mashine ile ilikuwa haijazunguka miaka.

Lakini sauti iliendelea.

Ilikuwa inatoka nyuma, kwenye pazia la viroba vilivyoshonwa pamoja. Harufu ya kinywa ilikuwa nzito sasa, unaihisi ulimini. Alute alishika pazia kwa vidole viwili, kwa uangalifu, asiuchafue mkono. Akalivuta.

Kilikuwa kimekaa ndani ya hori la kulishia ng'ombe.

Sijui nikiite nini. Kilikuwa na umbo la mtu aliyechuchumaa, kikubwa, laini, hakina unywele hata mmoja. Ngozi ilikuwa imefifia na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima, na ilikuwa inameremeta. Mahali pa macho palikuwa na ngozi tupu. Mdomo ndio ulikuwa umechukua uso wote, midomo imevimba, na ndani hakuna jino, ni ufizi mweusi mgumu unaosagana.

Alute alichota kikombe cha alizeti, akakimiminia. Kikatafuna. Nyaka... nyaka... Maganda yakawa yanabanduka na kunata kidevuni, juu ya maganda ya jana na ya juzi yaliyokwishaota ukungu. Kisha kikainama juu ya pipa lililofungwa kitambaa, kikaachia. Uzi mrefu wa njano ukashuka polepole kutoka kinywani, na mapovu madogo ndani yake. Haukukatika. Kikakohoa, kikauvuta tena, kikameza kipande, kikaanza upya.

Editha alishika mdomo. Alitaka kugeuka, lakini macho yalikuwa yameona kitu kingine, juu ya bega la kulia la kile kiumbe.

Kovu la chanjo.

Duara dogo, lile lile ambalo wewe unalo, ambalo mimi ninalo. Kitu kile kiliwahi kubebwa mgongoni na mama yake kupelekwa kliniki.

"Huyu ni nani?" alinong'ona.

"Niliachiwa," Alute alisema, naye kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. "Aliyeniachia naye aliachiwa. Lete mkono."

Hebu nikwambie ukweli kuhusu malezi yetu. Tunafundishwa kwamba mkubwa akisema lete mkono, unatoa. Editha alikuwa na diploma, alikuwa na hofu, alikuwa na kichefuchefu, na bado alitoa. Alute aliugeuza mkono wake, mgongo wa kiganja ukawa juu. Kile kiumbe kikanyanyua uso usio na macho, kikanusa. Ulimi ukatoka, mrefu, wa kijivu, ukamgusa mara moja tu. Ulikuwa wa moto. Ukaacha tone moja.

Editha aliuvuta mkono. Alute akamwangalia kwa upole ule ule.

"Usilambe," alisema. "Hilo si lako. Ni la yule ambaye hajaonja."

Alikimbia. Kishikwambi alikiangusha uani akakiokota bila kujua, kiatu kimoja kilibaki njiani na hakurudi kukitafuta. Mkono wenye tone alikuwa ameunyoosha mbali na mwili mpaka bega likauma.

Joyce alikuwa jikoni na mtoto mgongoni. "Dada, vipi?"

"Usinisogelee. Mweke mtoto chumbani, funga mlango."

Akajimwagia maji. Akasugua kwa sabuni ya unga, akasugua kwa jivu, akasugua kwa mchanga na gunzi mpaka ngozi ikachubuka. Mafuta yaliondoka. Akaukausha mkono na khanga, akauleta karibu na taa, na alipokuwa anaangalia, vitundu vya ngozi vikatoa jasho la njano. Likajikusanya. Likawa tone. Likanukia vitunguu, sikukuu, mama. Mate yakamjaa tena mdomoni, akayatema chini, na aliuchukia mdomo wake kuliko alivyokichukia kile kitu cha kwenye hori.

Aliufunga mkono kwa kitambaa, mara tatu. Ndipo akamweleza mdogo wake yote. Hori, ufizi, maganda, uzi wa njano, kovu. Joyce alisikiliza akikoroga mboga, mgongo umemgeukia. Editha alipomaliza, Joyce aliendelea kukoroga.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Halafu?"

"Tunajua."

Upepo ulikuwa unatikisa bati.

"Mnajua," Editha alirudia.

"Mimi niliona mwaka juzi. Mama mkwe alikuja kunitazama, siku tatu hali chakula changu. Anasogeza sahani pembeni, anamwambia mume wangu Stanley jikoni kwangu hakuna mwanamke. Winfrida ndiye aliyenipeleka kwa Alute. Nilitapika pale pale mlangoni. Nikaapa. Usiku mama mkwe akasogeza tena sahani." Joyce alifunika sufuria. "Asubuhi nikasema leo tu. Akala, akaomba nyingine, akaniita mwanangu. Nikasema na kesho, mpaka aondoke. Alipoondoka, mimi mwenyewe nikawa siwezi kula kitu kingine."

"Tumwambie mwenyekiti."

"Mwenyekiti ana dumu la lita ishirini."

Nitamsifia Editha kwa hili, hakulia wala hakumtukana mdogo wake. Alimkamata mabega, akamwambia maneno machache. Peniel hataguswa na kitu kile. Kesho mtoto ataanza na uji mtupu, na Joyce atakula vya kuchemsha kama yeye, basi. Joyce akaenda mwenyewe pembeni ya jiko, akatoa kidumu cha njano, na wakamwaga mafuta yote uani. Kuku walikuwa wameshapanda kulala. Wakashuka mmoja mmoja, gizani, wakaanza kula udongo. Asubuhi palikuwa na shimo, na bado wanachakura.

Siku ya uji, Jumapili, ilianza vizuri. Joyce alikula ugali na mlenda, ingawa alikuwa anameza kwa shida kama anayemeza dawa. Uji wa ulezi ulipikwa, ukapozwa, mama akamweka mtoto mapajani. Peniel alifungua mdomo, akaonja, akaufunga. Akageuza uso. Wakacheka, watoto ndivyo walivyo mwanzoni. Joyce akampa titi, akanyonya kidogo, shingo upande.

Jioni alikataa titi.

Alilishika, akalionja, akaliachia na kulia. Joyce akambadilishia la pili. Akalia zaidi. Usiku kucha walipokezana kumbembeleza. Jumatatu aliletewa maziwa ya ng'ombe ya Winfrida, akayatema. Maji ya sukari, akayatema. Zahanati walimpima malaria, hana. Masikio mazima, koo safi, hana homa. Muuguzi alisema wasisubiri zaidi ya kesho asubuhi, kama bado hajanyonya wampeleke hospitali mjini.

Jumanne asubuhi Peniel alikuwa analia bila machozi. Utosi ulikuwa umebonyea. Vile vishimo vya mikononi vilikuwa vimeanza kupotea, na midomo imekauka mpaka inapasuka. Simu ya Editha iliita, Mselemu anataka kujua sababu kuu ni ipi. Hakupokea.

"Sielewi," alisema. "Titi la mama yake mwenyewe. Kwa nini alikatae titi?"

Joyce alikuwa amekaa sakafuni, macho yamezama.

"Dada, hebu fikiri. Miezi sita huyu alikuwa ananyonya nini?"

Kila kilichopita kinywani mwa Joyce kilikuwa kimefika kinywani mwa mtoto. Tangu siku ya kwanza, pengine tangu tumboni. Orodha aliyoisoma mbele ya Alute kwa fahari ilikuwa na kosa, hapakuwa na hata mmoja ambaye hajaonja. Mafuta waliyomwaga uani yalikuwa ladha pekee ambayo mtoto yule aliijua hapa duniani. Je, Alute alilijua hilo? Kama alilijua, ile "vizuri" yake ilikuwa na maana gani? Mpaka leo sijapata wa kunijibu.

Bodaboda ilikuwa imefika nje. Bonaventura, mtu mzima mwenye watoto watano, ndiye aliyeitwa awapeleke mjini. Injini ilikuwa inaunguruma. Joyce alimfunga mtoto kwenye blanketi, akafika naye mlangoni, akasimama. Barabara ya Mtinko mpaka mjini mnaijua ilivyo wakati wa vumbi, ndefu na mbovu. Mtoto aliacha kulia. Kichwa kililala upande, macho nusu, kifua kinapanda kwa taabu.

Joyce hakuomba kitu. Aliangalia tu mkono wa dada yake, ule uliofungwa kitambaa.

"Hapana," Editha alisema.

Joyce akalikaza blanketi la mtoto.

"Mjini watamwekea dripu. Watamtundikia maji, atapata nguvu."

"Ndiyo, dada."

"Hospitali wapo madaktari."

"Ndiyo."

Peniel alijinyoosha mara moja, akalegea.

Editha alikuwa ameshamwona mtoto akilegea namna ile, mikononi mwake, na anajua kinachofuata. Hakuna aliyemwambia fungua. Hakuna aliyemshika. Alikifungua kitambaa mwenyewe, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ngozi chini yake ilikuwa laini na yenye afya, hakuna mchubuko hata mmoja. Tone lilikuwa pale, limejaa, linang'aa.

Harufu ikajaa mlangoni. Joyce akafumba macho. Nje, Bonaventura alinyanyua pua, akauangalia ule mkono, kisha akazima injini. Aligeuza pikipiki, akaanza kuisukuma kurudi barabarani.

Editha aliupeleka mkono kwenye midomo ya mtoto.

Nyaka.

Macho ya Peniel yalifunguka. Alishika mkono wa shangazi... niseme mama yake mkubwa, alishika mkono wa mama yake mkubwa kwa vidole vyote kumi, akaulamba kwa pupa, kwa kelele, ufizi wake usio na meno ukisagana juu ya ngozi. Nyaka... nyaka... Uzi mrefu wa mate ukashuka kidevuni, una rangi ya njano. Editha alitaka kutapika. Alitaka kuuvuta mkono, autupe mbali, aukate. Na papo hapo moyo wake ulikuwa umejaa furaha, furaha kubwa ambayo hakuwahi kuipata tangu azike wa kwake, na machozi yanamtoka. Anakula. Jamani, anakula.

Hakuuvuta.

Alipomaliza, mtoto aligeukia titi la mama yake, akanyonya mpaka akapaliwa. Kisha akalala, jasho puani, tumbo limejaa. Walikaa pale mlangoni wakimwangalia anavyopumua. Uji wa asubuhi ulikuwa umeganda kwenye bakuli, nzi hata hawaugusi.

Jua lilipoanza kupungua makali, Joyce aliinuka. Alijifunga khanga vizuri, akachukua kidumu cha njano kilichokuwa kimelala uani, akakipangusa udongo.

"Maziwa yangu hayatamtosha mimi nisipokula yale mafuta," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Nikuchukulie na wewe kidogo, dada? Ya kurudi nayo mjini?"

Editha aliangalia mkono wake, safi, mkavu, hauna tone tena, na akagundua kwamba alikuwa anausugua kwa kidole gumba. Kisha akaingia jikoni, akatafuta chupa tupu, akaisuuza kwa maji ya moto mara mbili, kwa uangalifu, isije ikawa na uchafu.